Abiria Anayeitwa Fortunata

Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo
Dar es Salaam
6 Oktoba 1997

Mama Jaimin mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limetulia, na mwanao Jaimin amepunguza kukukataza achari. Mimi sijambo, na duka halijambo, ila mtaa wenyewe usingeutambua. Tangu mambo yawe ruksa kila mlango ni duka, na kila duka lina duka jingine mbele yake juu ya meza. Pale ulipokuwa ukianika pilipili sasa kuna kijana anauza saa za mkononi na nyembe. Jina la mumeo, Mzee Tulsidas, bado lipo ukutani. Mpaka rangi aliniuliza alifute, nikamwambia afute la kwake kwanza.

Ninalotaka kukusimulia leo ni la ndege. Kuna shirika jipya la watu binafsi, linaitwa Mbayuwayu, linaruka kati ya hapa na Mwanza. Wana kadi. Ukisafiri unapewa pointi, pointi zikijaa unapewa tiketi ya bure, na hata kabla hazijajaa unaheshimiwa kama bibi harusi. Sisi wanawake watano wa mchezo wetu wa upatu (nilishakuambia mimi ndiye kijumbe, mkusanya fedha) tukakaa tukafikiri. Kila mmoja akisafiri kwa jina lake, tutazeeka pointi hazijajaa. Tukisafiri wote kwa jina moja zitajaa upesi, na tiketi ya bure tutapokezana kama tunavyopokezana fedha za mchezo. Likachaguliwa jina langu, kwa kuwa kijumbe ndiye anayeaminiwa. Basi kila mwanamke wa mchezo wetu akipanda Mbayuwayu anaitwa Fortunata. Kaunta hawaulizi kitambulisho, wanauliza kadi.

Anayesafiri zaidi ni Kuruthumu, yule wa mitumba ya Mchikichini anayekuletea barua zangu. Mizigo yake inatangulia kwa treni, yeye anaruka kwenda kuipokea. Anasema akifika tu kaunta wanamwita Mama Fortunata, wanambebea mkoba, wanamweka kiti cha mbele, na juisi ya ukwaju anaikuta imeshamiminwa. Siku yangu ya kuzaliwa walimkatia keki huko juu mawinguni, abiria wote wakampigia makofi. Kipande kimoja aliniletea ndani ya tishu. Nilikila nikicheka mpaka nikapaliwa.

Mimi mwenyewe sijapanda hata mara moja. Nilijipanga wa mwisho ili asije mtu akasema kijumbe amejipendelea. Ila zamu yangu imekaribia, na nikiipata nitakuja kwako. Nimekukumbuka mno, mama.

Wako,
Fortunata


Mwanza
19 Oktoba 1997

Fortunata mwanangu,

Marahaba. Barua yako niliisoma mbele ya Jaimin na mkewe Charmi, tukaicheka keki. Walipoondoka mezani niliisoma tena peke yangu, na safari hii sikucheka. Unaazimisha jina lako kama mtu anavyoazimisha mwavuli. Mwavuli ukirudi umelowa unauanika. Jina likirudi limelowa utalianika wapi? Usinijibu, najua utasema mimi ni mtu wa zamani.

Nami nina habari, na sijui niiandikeje. Jaimin ameuza duka na nyumba. Tunahamia Leicester, Uingereza, kwa kaka yake Charmi. Tunaondoka Jumapili tarehe ishirini na tatu Novemba, kwa kupitia Nairobi, kwa hiyo Dar hatupiti. Niliambiwa mezani, kama mtu anavyoambiwa chumvi imekwisha. Nilishika kijiko nikasahau nilitaka kufanya nini nacho. Nimezaliwa Pangani, nimeolewa Kariakoo, mume wangu tulimchoma kwa mila yetu Dar es Salaam, na sasa nanunuliwa koti la baridi.

Mimi sikujaliwa binti. Ulipokuja kwetu dukani umetoka Kibosho na sare ya shule bado mwilini, nilikufundisha kupima vitambaa kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa kumfundisha. Baadaye nilisahau kwamba sikukuzaa. Sitaki kuagana na wewe kwa karatasi. Njoo.

Ile fimbo ya Mzee ya kupimia vitambaa ninayo. Jaimin anasema ibaki kwenye takataka. Unakumbuka alichokuwa akisema kila alipokuona unambana mteja kwenye kipimo? "Mwachie vidole viwili vya nyongeza." Fimbo hiyo ni yako, na nataka kukukabidhi mwenyewe, mkono kwa mkono.

Simu ya nyumba imeshakatwa, kwa hiyo nijulishe siku kwa barua. Nitakuja kukupokea uwanjani mwenyewe, goti lipende lisipende.

Mama yako,
Jasumati


Kariakoo
5 Novemba 1997

Mama yangu,

Shikamoo. Habari yako niliipokea nimesimama, nikakaa juu ya jora la vitambaa, wateja wakaja wakaondoka na sikumwuzia mtu. Leicester. Nilimwomba mwalimu wa jirani anionyeshe kwenye ramani. Sitakuandikia nilivyolia, utayaona macho yenyewe nikifika.

Kwa sababu nakuja. Nimewaita wenzangu wa mchezo, nikawaambia zamu yangu naitaka sasa, na hakuna aliyenibishia. Kuruthumu amekwenda ofisi ya Mbayuwayu mjini kunichukulia tiketi ya bure, maana huko yeye ndiye Fortunata wanayemjua. Ni Ijumaa tarehe kumi na nne, ndege ya asubuhi. Kurudi ni wiki inayofuata. Nitakaa nawe, nitakufungia masanduku, tutakula achari Jaimin asituone.

Kuruthumu amenifundisha kila kitu. Mkanda unafungwaje, masikio yakiziba nifanyeje, na nisikatae kitu wanachonipa kwa sababu ni haki yangu. Nimemwambia ninaogopa kupaa. Akasema angependa awe karibu anishike mkono, ila wiki hiyo hana safari, robota zake za mitumba zimekwama bandarini. Nimeshona gauni la kitenge, la bluu, ili unione kwa mbali.

Barua hii anakuletea Polycarp, binamu yangu anayeuza vipuri vya magari. Yeye husafiri kwa jina lake mwenyewe, kwa hiyo hapewi juisi.

Tutaonana Ijumaa.

Fortunata


Mwanza
15 Novemba 1997

Fortunata,

Jana nilikuwa uwanja wa ndege kabla Charmi hajaamka. Nilikuwa nimepika kachori na ladu, na kichri, ule wali wa dengu, kama unavyoupenda, laini. Ndege ilitua. Nilitafuta gauni la bluu. Walishuka wanaume wenye mikoba, akashuka mama mwenye mtoto. Kisha dada wa ndege, mhudumu mwenye skafu shingoni, akatangulia kushuka ngazi akiwa amebeba mkoba wa mtu, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye uzio: "Kwaheri Mama Fortunata, karibu tena." Nikainua mkono.

Nyuma yake alikuwa Kuruthumu.

Ulikuwa umenieleza habari ya jina, na bado niliendelea kukutafuta nyuma yake. Kuisoma kwenye barua ni kitu kimoja. Kusikia jina la mtoto wako likiitwa, na akageuka mtu mwingine akaitika, ni kitu kingine. Kwa muda mfupi nilidhani umekufa na wamempa mtu mwingine nafasi yako.

Nilimwuliza uko wapi. Hakunitazama. Alisema una homa, umeghairi. Nikamwuliza barua iko wapi, akasema hukuandika. Akaondoka haraka kama mtu aliyeacha jiko linawaka.

Nimelala na maneno hayo. Homa naijua, hata mimi imewahi kunilaza. Lakini wewe uliniandikia ukiwa na malaria, ukiwa na uchungu wa uzazi, ukiwa umefiwa. Sasa ninaondoka nisirudi tena, na hukuweza kuandika mstari mmoja. Labda kuniaga kumekuwa kuzito kwako. Kama ni hivyo ungesema, ningekuelewa.

Ladu nimewapa watoto wa jirani.

Jasumati


SHIRIKA LA NDEGE LA MBAYUWAYU
Idara ya Huduma kwa Abiria
Dar es Salaam, 17 Novemba 1997

Kwa Bi. Fortunata, Kariakoo
Mwanachama wa Kadi ya Dhahabu

Mpendwa Mteja Wetu,

Kwa niaba ya shirika naomba radhi kwa usumbufu ulioupata Ijumaa iliyopita, ukiwa umeshaketi ndani ya ndege yetu ya asubuhi kwenda Mwanza, kwa kuitwa mlangoni ili umtambue mwanamke aliyejaribu kusafiri kwa jina lako. Tulishangazwa sana na ujasiri wa mwanamke huyo, aliyekuwa hata na tiketi yako halali mkononi. Bila shaka aliiba.

Tunapenda kukuhakikishia kwamba sura ya mwanamke huyo tumeiweka vizuri kichwani, na hatapanda tena ndege zetu. Kwa kuwa abiria wetu wa kudumu tunawajua kwa sura na kwa tabia, wizi wa namna hii hauwezi kufanikiwa Mbayuwayu. Kama fidia tumekuongezea pointi.

Juisi yako ya ukwaju inakusubiri.

Wako mtiifu,
Scholastika
Msimamizi wa Huduma


Kariakoo
18 Novemba 1997

Mama Jaimin,

Shikamoo. Ndani ya bahasha hii nimeweka barua ya Mbayuwayu. Isome kwanza, kisha urudi hapa. Mwanamke mwizi wanayemsema ni mimi.

Sikuwa na homa. Ijumaa mvua ilinyesha tangu alfajiri, unajua zinavyonyesha mwaka huu, na barabara ya uwanja wa ndege ilikuwa imejaa maji. Nilifika nimechelewa, viatu mkononi, gauni la bluu limelowa mpaka magotini. Nikampa dada wa kaunta tiketi na kusema mimi ni Fortunata. Akanitazama, akatazama tiketi, akanitazama tena. Akaniambia bila ukali, kwa adabu kabisa: "Mama, Fortunata namjua mimi. Ameshapanda. Yuko kiti cha mbele anakunywa juisi."

Sikuelewa. Nilisema labda ni mwingine, majina hufanana. Akasema hapana, ni Mama Fortunata wa Kariakoo, mwenye kadi, hapendi dirishani, anapenda ukwaju, na keki yake ya kuzaliwa aliipakia ndegeni yeye mwenyewe. Akaita walinzi wa shirika. Nikatoa leseni ya biashara, haina picha. Nikatoa kadi ya kliniki ya mtoto wangu wa mwisho, wakacheka. Mama, nilisimama pale nikitafuta kitu chochote cha kuonyesha kwamba mimi ni mimi, na sikukiona. Vyote alikuwa navyo mwenzangu, hata siku ya kuzaliwa.

Ndipo nikasema mwiteni huyo Fortunata aje anione. Nilisema hivyo kwa furaha kabisa. Nilijua ni mmoja wetu, na nilijua akiniona tu atacheka, mambo yatakwisha.

Dada huyo wa kaunta, ndiye Scholastika wa barua ya shirika, akatoka kwenye mvua akaenda kwenye ndege. Akarudi na Kuruthumu chini ya mwavuli. Walimsimamisha mlangoni, karibu kama kutoka kaunta yangu mpaka mlango wa duka. Akaulizwa kama ananijua. Aliniangalia machoni, mama. Kuruthumu niliyemuuguza alipopasuliwa tumbo, aliyelala kitandani kwangu alipofukuzwa na mumewe. Akasema, "Simfahamu."

Akarudi chini ya mwavuli wao.

Waliniweka kwenye chumba cha walinzi mpaka Polycarp alipokuja kunidhamini. Ndege niliisikia ikipaa. Tiketi walichukua. Sikukuandikia siku ile kwa sababu nilidhani ninyi wawili mko pamoja huko, kwamba amekueleza. Sikujua kwamba amekuambia nina homa. Nilipoisoma barua yako nilishtuka upya, kana kwamba amenikana tena palepale mlangoni.

Nimeulizia njia nyingine. Reli imekatwa na mafuriko huko katikati, treni haiendi. Mabasi yamelala njiani kwenye matope. Iliyobaki ni ndege, na ya kwenda Mwanza kabla hujaondoka ni Mbayuwayu peke yake, na sura yangu wameiweka vizuri kichwani. Sijui nitafikaje. Nimewaza mpaka nimechoka.

Hukunizaa, lakini usiseme sikutaka kukuaga.

Fortunata


Mwanza
20 Novemba 1997

Mwanangu,

Polycarp amenipa bahasha yako mchana huu. Nisamehe kwa niliyoandika. Nilikukasirikia wewe, na wewe ulikuwa umefungiwa kwa sababu ulikuwa unakuja kwangu.

Kuruthumu bado alikuwa hapa Mwanza, anauza robota zake sokoni. Nikamtuma mtu amwite. Alikuja akiwa ameshajua ameitiwa nini, akakataa kiti, akakaa sakafuni. Nitakuandikia alivyosema, bila kuongeza wala kupunguza.

Alisema robota zilitoka bandarini ghafla Alhamisi, na wakala akampatia nafasi ya kuzituma Mwanza kwa ndege ya mizigo, kwa kuwa treni ilikuwa imeanza kusuasua. Ikabidi asafiri kesho yake. Akafurahi kwamba mtapanda pamoja. Hakukuambia, alitaka kukushtukiza, akushike mkono ndege ikipaa. Akawahi uwanjani ili anunue tiketi palepale kaunta. Kabla hajafungua mdomo, yule Scholastika akamwambia, "Mama Fortunata, leo unasafiri bure, jina lako nimeshaliona." Hata karatasi ya tiketi hakuidai. Alimwambia ataileta akirudi, kwani yeye si mgeni. Wakachukua mkoba wake, wakamsindikiza mpaka kwenye kiti. Kusema "huyo siyo mimi" kungekuwa ni kuwafichua wote watano, na kila hatua alisema moyoni kwamba atasema hatua inayofuata. Ndege ikajaa. Kiti alichokalia kilikuwa chako.

Nikamwuliza, na pale mlangoni? Akasema walipomwita alidhani anakuja kukutoa, na alikuja na nia hiyo. Lakini Scholastika alimwuliza mbele ya walinzi, akaona mahabusu, akaona robota zake zimefika Mwanza hazina mwenyewe, akaona watoto wake. Neno likatoka. Anasema hata yeye alilisikia kama limesemwa na mtu mwingine.

Sikumfariji. Lakini nilimpa chakula, kwa sababu alikuwa hajala. Anarudi Dar kesho na barua hii ameibeba yeye. Kumfungulia mlango au kutomfungulia ni juu yako.

Sisi tunaondoka Jumapili mchana. Fimbo nimeifunga kwenye khanga; Kuruthumu sikumpa, bado nataka kukukabidhi mwenyewe. Kama hutaweza kufika, nitamwachia mtu, lakini sijui nani, maana wote ninaowajua hapa wanaondoka pia.

Mama yako


Kariakoo, Jumamosi 22/11/97

Dada Fotu,

Nakuandikia nikiwa barazani kwako, kwenye karatasi ya kufungia. Jana nilibisha ukanifungia mlango, barua ya Mama Jaimin nikaisukuma chini. Leo nimebisha tena, kimya. Najua uko ndani, redio naisikia. Una haki.

Sina cha kujitetea, yote nimeshamwambia mama. Ndani ya hii kuna tiketi, ndege ya kesho asubuhi. Nimenunua kwa jina langu la kweli, Kuruthumu, maana hilo Mbayuwayu hawajawahi kulisikia, halina doa. Nimemtuma Polycarp akanunue ili ofisini wasinione. Panda wewe. Ukifika kaunta usiseme mengi, jifunike mtandio, toa tiketi basi.

Ikitokea noma, mimi nitakuwa mlangoni pale nje. Safari hii sirudi nyuma, dada. Sikuombi uniamini. Nakuomba uende, yule mama anakusubiri.

Kuru


Mwanza
24 Novemba 1997

Kuruthumu,

Nakuandikia kwa sababu usiku wa jana nimeshindwa kulala bila kuandika, na kwa sababu wewe uliona mwanzo tu wa siku ile, mwisho wake hukuuona.

Ulivyonifundisha ndivyo nilivyofanya. Nilijifunika mtandio, nikatoa tiketi, sikusema mengi. Scholastika alisoma jina, akanipa salamu, halafu akaniangalia miguuni. Nilikuwa nimevaa viatu vilevile. Akaushusha mtandio wangu kwa kidole kimoja. Nilijua nimekwisha. Nilijua mama ataondoka, na mimi nitakuwa kwenye kile chumba chenye feni mbovu.

Sikukusikia ukija. Nilichoona ni kadi ya dhahabu inatua kwenye kaunta. Uliyosema nataka niyaandike, ili yasije yakabadilika tukizeeka: "Huyu namfahamu. Huyu ndiye Fortunata. Mimi ni Kuruthumu wa Mchikichini, na jina alituazima sisi wote. Nishikeni mimi, yeye mwacheni apande, mama yake anaondoka leo."

Sikuwahi kuona mtu ameshtuka kama yule dada. Alikaa kwenye mizani ya mizigo. Alikutazama wewe, akanitazama mimi, akauliza kwa sauti ndogo sasa yeye siku zote hizi amekuwa akimhudumia nani. Nilimwonea huruma, Kuru. Alikuwa anakupenda. Ndipo akachukua tiketi, akalikata jina lako kwa kalamu, akaandika langu juu yake. Walinzi wakakuchukua. Ulipita karibu yangu.

Kiti kilikuwa cha nyuma kabisa, karibu na choo. Sikupewa juisi. Ndege ilipopaa nilishika mkono wa mzee mmoja nisiyemjua, naye hakuuondoa. Dada wa skafu alipita akisoma orodha yake, akasema "Fortunata?" Nikaitika. Nililia kidogo, mzee akadhani ni woga.

Mama alikuwa kwenye benchi la uwanja wa Mwanza, amevaa koti la Leicester katika joto lile, jasho linamtoka. Jaimin alikuwa anasimamia masanduku yakipimwa. Nilishtuka jinsi mama alivyopungua, koti lilikuwa limekaa peke yake na yeye yuko ndani. Gauni la bluu alikuwa ameshaliona, lakini hakuinuka. Aliningoja mpaka nikamkaribia, akanishika kidevu, akaniuliza, "Ni wewe kweli, au kuna mwingine?"

Tulikaa kwenye benchi lile muda mfupi tu. Masanduku nilikuwa nimesema nitamfungia, yalikuwa yamefungwa. Achari hatukula. Nilikuwa na mambo ya kumwambia tangu nilipokuwa na sare ya shule, na yote yalikwama, nikabaki namfunga na kumfungua vifungo vya koti. Akanipa fimbo ndani ya khanga. Akaniuliza nani amenipandisha ndege. Nikamweleza yote, ya Ijumaa na ya Jumapili, nikamwambia bado sijakusamehe na sijui kama nitaweza.

Hakunishauri. Aliifungua khanga, akailaza fimbo juu ya benchi kati yetu, kama siku zile juu ya meza ya duka. Akaweka kidole kwenye mwisho wake. Halafu akaweka vidole viwili mbele ya pale fimbo ilipoishia, kwenye benchi tupu, akavikandamiza hapo, akanitazama.

Wakaita ndege ya Nairobi. Aliondoka ameshikwa mkono na Charmi, na hakugeuka. Nadhani kama angegeuka asingepanda. Nilibaki uzioni mpaka wafagiaji wakaniomba nisogee.

Sasa sikiliza. Polycarp amepiga simu kwenye duka lililo jirani na gesti ninayolala, anasema walikuachia jioni ileile, kadi imefutwa, pointi zote zimefutwa, na wenzetu watatu wamekasirika. Waache wakasirike. Mchezo wa fedha utaendelea, wa majina umekwisha. Nimepima, Kuru. Nimepima neno la Ijumaa na neno la Jumapili, na hayalingani, la Ijumaa bado ni refu. Lakini vidole viwili nimekuachia.

Ninarudi Alhamisi, ndege ya jioni. Tiketi nimeinunua mwenyewe, kwa jina langu. Njoo unipokee. Watakuwa wanakujua, na pale mlangoni watakuuliza umekuja kumpokea nani. Wajibu.

Fortunata